Michezo Tuliyochekewa: Je, Tuwaachie Watoto Wetu?

Wazee walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Kijitabu kama hiki huzungumza sana juu ya mahari, matanga, majina tunayowapa watoto. Sisi tumechagua jambo dogo ambalo wengine wataona ni la kitoto, kumbe ndani yake mna swali gumu. Hapa Murara, na Goma nzima, kizazi kilichozaliwa karibu na mwaka 1980 sasa njo kiko na watoto wa kulea. Na tunaona jambo ambalo wazazi wetu hawakulifanya sana. Baba anakaa chini na mtoto kumwonyesha namna waya inavyokunjwa ikawa gari. Mama anatoa sandukuni daftari la zamani alilojaza picha za kuchora. Mwingine amefungua redio mbovu mezani, mtoto anamshikia tochi.

Vitu hivyo hivyo njo vilifanya tuchekwe zamani. Basi tunauliza: ni vizuri mzazi ampe mtoto mapenzi ya kitu ambacho yeye mwenyewe alichekewa? Ana haki gani? Na akifanya, afanye namna gani ili zawadi isigeuke mzigo?

1. Vilikuwa vitu gani

Tukumbushane kwanza. Tunazungumzia mwisho wa miaka ya 80 na mwanzo wa miaka ya 90, nchi ingali inaitwa Zaire. Mtoto aliyeheshimiwa kwenye avenu alikuwa yule aliyejua mupira, au yule aliyeshinda wenzake kwa mieleka, au yule aliyetumwa sokoni akarudi na pesa ya mama bila kupungua. Pembeni walikuwako wengine, wachache.

Walikuwako wale wa waya. Waliokota waya popote, wakaikunja kwa koleo la kuazima au kwa meno. Magurudumu yalikatwa kwenye kambambili zilizokwisha kazi. Fundi wa kweli aliweka usukani mrefu, akatembea wima nyuma ya gari lake huku magurudumu ya mbele yanageuka kushoto na kuume. Ili yageuke bila kukwama kunahitajika hesabu, na hesabu ile hakuna mwalimu aliyekuwa amemfundisha.

Walikuwako wale wa redio. Mapile yakiisha waliyaanika juani ili yapate nguvu ya kusikiliza habari moja tena. Walitoa mota ndogo ndani ya kaseti iliyokufa, wakaitia kipande cha bati, ikawa feni. Wengine walifungua redio ya baba, wakaifunga, skrubu mbili zikabaki mkononi, na fimbo ikafuata.

Walikuwako wale wa vitabu vya picha. Walisoma Tintin na Lucky Luke kwenye nakala zilizopitia mikono hamsini, bila jalada, bila ukurasa wa mwisho, hata mwisho wa hadithi wakajitungia wenyewe. Walisoma kwa buji mpaka mama akaja kuizima kwa sababu buji ilikuwa pesa.

Tena walikuwako wale wa kisoro. Kisoro, kwa asiyekijua, ni ubao wa mistari minne, kila mstari mashimo manane, jumla mashimo 32, na mbegu 64. Jirani zetu wa Rwanda wanakiita igisoro, Uganda ni omweso, na Zanzibar wana bao lao ambalo kete zake ni mbegu za mkomwe. Sheria zinatofautiana, ukoo ni mmoja. Watoto wa kisoro hawakuwa na ubao. Walichimba mashimo kwenye udongo, wakaokota vijiwe. Wenzao wakienda mupira, wao walikuwa wanaendaka kukaa na wazee chini ya mti, kuangalia tu, saa nzima bila kusema neno.

Watu hawa wote walipewa majina: Profesa, Dokta wa redio, Muzee kijana. Mama mmoja alisikika akimwambia mwenzake: “Huyu mutoto haiko sawa, anazungumuzaka na mawaya.” Kosa lao halikuwa uvivu, maana mvivu hakunji waya siku nne. Kosa lao lilikuwa kutumia akili nyingi na muda mwingi kwa kitu ambacho hakileti hata likuta moja nyumbani, tena kukifanya peke yao au na watu wasio wa rika lao. Kwetu mtu huhesabika na wenzake. Anayejitenga na wenzake kwa sababu ya kijiwe na shimo, watu watamwuliza: uko na nini?

2. Waliocheka walikuwa na haki?

Tusiwahukumu haraka waliocheka. Mzazi wa wakati ule alikuwa na mishahara isiyolipwa na bei zinazopanda kila asubuhi. Mtoto anayecheza na redio alimkumbusha njaa. Mtu mwenye njaa si rahisi amsifu anayecheza.

Hata hivyo mila zetu zenyewe hazikuudharau mchezo wa akili. Kule Kasai, kati ya Wakuba, kulikuwa na mfalme maarufu wa karne ya 17, Shyaam a-Mbul a-Ngoong. Wakuba huchonga sanamu za wafalme wao katika mti, na kila mfalme hupewa alama yake mbele ya magoti, ili atakayeitazama ajue ni nani. Wangeweza kumwekea mkuki au ngoma. Sanamu ya Shyaam, ambayo leo iko British Museum kule London, ina ubao wa mchezo wa mbegu, ndugu ya kisoro chetu. Masimulizi ya Wakuba yanasema yeye njo aliwaletea mchezo huo. Basi kitu ambacho mtoto wa Murara alichekewa, mfalme alikiweka mbele yake akumbukwe nacho.

Na karibu zaidi, hapa hapa Kivu ya Kaskazini, Wanyanga wa Walikale wana utenzi wa Mwindo, uliosimuliwa na Shé-Karisi Rureke mwaka 1956, ukachapishwa mwaka 1969 na Daniel Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene. Mwindo akimtafuta baba yake kule chini kwa wafu anakutana na Sheburungu, ambaye ni mungu, na Sheburungu anamwambia wacheze wiki, mchezo wa mbegu. Mwindo anapoteza vyote alivyo navyo, kisha anaweka fimbo yake ya enzi, na hapo anaanza kushinda mpaka anarudisha kila kitu. Aliyetunga hadithi ile aliona inafaa mtu na mungu wakae chini wacheze. Hakuona haya.

Kuna pia hoja ya faida, ambayo watu huipenda. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Tshukudu iliyojenga nusu ya mji huu, inayoshusha makala, makabichi na viazi kutoka Kibumba, ilianza na mtu fulani aliyechonga gurudumu la mti huku wengine wakimtazama. Leo sanamu yake yenye rangi ya dhahabu imesimama kwenye duara katikati ya mji. Malawi, kijana William Kamkwamba aliacha sekondari kwa kukosa minervale wakati wa njaa ya 2001 na 2002, akajifunza kwa vitabu vya maktaba ndogo, akajenga kinu cha upepo kwa vipande vya baiskeli na miti, kikawasha taa nyumbani kwao. Majirani walisema ameharibika akili. Na Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani mwaka 1959, hadithi za picha zikawa taaluma yake mpaka albamu zake zikachapishwa Ulaya.

Mifano hii inatufurahisha, lakini hatutaki kuegemea hapo. Magari mengi ya waya hayakuzaa enjiniere. Yalipata kutu, yakatupwa. Tukisema mchezo ni mzuri kwa sababu siku moja utaleta pesa, tutakuwa tumerudi kwa wale waliocheka, maana wao walipima vile vile. Na mtoto ambaye hatapata pesa kwa waya wake, tutamwambia nini?

Sisi tunaona thamani yake iko mahali pengine. Mtoto yule alijifunza kupenda kitu kwa subira, bila zawadi, bila makofi, na huku watu wanamcheka. Aliendelea. Hiyo nguvu ya kuendelea peke yako wakati kundi linacheka ni fadhila, ingawa hatuna jina lake katika masomo ya uraia. Katika mji wetu tunajua bei ya kuikosa. Tumeona vijana wakichukuliwa na makundi ya silaha kwa sababu wenzao wa kartiye wameshaenda. Tumeona kelele ya “mwizi! mwizi!” ikapigwa, na kabla mtu hajauliza kitu tairi limeshawashwa, na mikono iliyorusha mawe mingi ilikuwa ya watoto wa shule ambao nyumbani ni wapole. Hawakuwa wabaya. Walikuwa hawajawahi hata mara moja kufanya kitu tofauti na wenzao.

Hatusemi kila aliyekunja waya alikuwa mtakatifu. Tunasema tu kwamba aliyezoea kuchekwa akiwa na miaka kumi ana mazoezi kidogo. Siku kundi litakapomwambia “twende wote”, atakuwa ameshajua kwamba kubaki nyuma hakuui.

3. Haki ya mzazi na mipaka yake

Hapo njo swali la pili linaingia. Kama jambo ni zuri hivyo, si mzazi amfundishe mtoto wake kwa nguvu, kama tunavyofundisha hesabu?

Turudi kwa Mwindo, maana utenzi ule ni wa baba na mwana. Shemwindo, mwami wa Tubondo, aliwaambia wake zake wamzalie wasichana tu. Mwindo alipozaliwa mvulana, baba akamrushia mikuki, akamzika, akamfungia ndani ya ngoma akamtupa mtoni. Mtoto hakufa. Mwishoni baba anakiri ubaya wake mbele ya watu wote. Tukisoma haraka tunasema: huyu ni baba mkatili, sisi hatuko hivyo. Lakini tuangalie mzizi wa kosa lake. Aliamua mtoto awe wa namna gani kabla ya kumwona. Na kosa hilo laweza kufanywa hata kwa upendo. Baba anayesema “mwanangu atapenda redio kama mimi” na kukasirika mtoto akipenda kitu kingine, naye ameagiza mtoto wa aina fulani. Mikuki hana, lakini ana ile sura ya kununa ambayo mtoto anaijua vizuri.

Tunamjua jirani mmoja, fundi wa kushona, ambaye kila Jumapili alimketisha mwanawe kwenye kisoro. Mtoto akicheza vibaya, anaambiwa: “Weye hauna akili, mie kwa miaka yako nilikuwa nawapiga wazee!” Mtoto alijifunza, ni kweli. Alijifunza kuchukia Jumapili. Baba alikuwa anautafuta utoto wake mwenyewe, na kuupata akatumia utoto wa mwingine.

Mwanachuoni wa Kiholanzi, Johan Huizinga, katika kitabu alichotoa mwaka 1938 juu ya mchezo katika maisha ya watu, alieleza kwamba sifa ya kwanza ya mchezo ni hiari. Mchezo wa kuamriwa umeshaacha kuwa mchezo. Sisi tunaofundisha tunajua hili kwa uchungu, maana kitu kizuri kikiingia kwenye programu ya masomo na kupewa alama juu ya ishirini, siku hiyo wanafunzi nusu wanakiacha. Nao Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, kifungu cha 31, unasema mtoto ana haki ya kupumzika na kucheza. Haki ya kucheza ni yake, si ya baba kucheza kupitia yeye.

Tena tukumbuke ladha ya mambo yale ilitoka wapi. Hakuna mtu aliyetulazimisha kufungua redio. Tulikatazwa! Sehemu ya utamu wake ilikuwa kwamba ni vyetu. Mzazi anayetaka kumpa mtoto kitu kile kile kwa amri anampa ganda, kokwa limebaki nyuma.

Basi haki ya mzazi ni ipi? Sisi tunaona ni haki ya kuonyesha. Acha redio wazi mezani. Cheza kisoro na rafiki yako mbele ya watoto, mcheke, mgombane juu ya mbegu. Mtoto akisogea, msogezee kiti. Asiposogea, endelea kucheza, maana umecheza kwa sababu unapenda, na hilo peke yake limemfundisha kitu: kwamba mtu mzima anaweza kupenda jambo bila kuona haya.

4. Na wasichana?

Hapa hatuwezi kupita kimya. Mila zetu nyingi zilisema kisoro ni cha wanaume. Mwanamke alipita karibu na ubao akiwa amebeba maji. Msichana wa waya au wa redio hakuitwa hata Profesa, aliambiwa tu arudi jikoni, ndugu zake wana njaa. Kwa hiyo tukisema “tuwarithishe watoto michezo yetu”, na tukiwaita wavulana tu, tutakuwa tumerithisha pia ule mlango uliofungwa.

Mila ni kama nyumba ya mbao: ubao uliooza unatolewa ili nyumba isimame. Tumeona kwenye avenu zetu wasichana wa miaka kumi na mmoja wanaohesabu mbegu kwa macho kabla mkono haujagusa shimo. Mzee mmoja alipigwa na mjukuu wake wa kike mara mbili mfululizo. Alinyamaza, akavuta pumzi, akasema: “Kumbe tulikuwa tunapotezaka wachezaji.” Tunafikiri neno hilo linatosha.

Na akina mama pia wana urithi wao. Daftari la michoro tulilolitaja mwanzoni ni mali kama kisoro. Mara nyingi mama ndiye aliyeficha mapenzi yake zaidi, kwa kuwa alichekewa mara mbili, kwanza kama mtoto wa ajabu, kisha kama msichana asiyejua kazi yake. Binti yake akimwona anachora jioni moja, atajua mama yake alikuwa mtu kabla ya kuwa mama.

5. Telefone

Sasa tufike mahali panapouma. Wazazi wengi wanaosifu waya na kisoro husema papo hapo: “Batoto ba leo habana kitu, ni telefone tu.” Tusikilize vizuri maneno hayo. Ni maneno yale yale waliyoambiwa wao. Kijana anayekaa saa tatu kupanga video fupi, kukata sauti na kuipatanisha na picha, anaonekana kwa baba yake kama vile mtoto wa waya alivyoonekana kwa babu. Msichana aliyejifunza Kikorea kwa filamu, bila mwalimu, katika nyumba ya mbao ya Murara, anachekwa kama aliyezungumza na mawaya. Na kijana anayejua kufungua telefone iliyokufa na kuifufua ni mjukuu halisi wa Dokta wa redio.

Hatutaki kudanganya kwamba vitu hivi viko sawa kabisa. Gari la waya lilikuwa na mwisho: giza likiingia, umeenda nyumbani. Telefone haina jioni. Inakula mega, na mega ni pesa ya unga. Ndani yake kuna michezo ya kubahatisha ya mupira inayomwambia kijana atakuwa tajiri kesho, na picha ambazo hazifai macho ya mtoto. Waya haikumdanganya mtu namna hiyo. Mzazi mwenye wasiwasi ana sababu.

Lakini wasiwasi una haja ya kipimo, la sivyo unageuka kelele. Sisi tunapendekeza maswali matatu ambayo mzazi aweza kujiuliza kabla ya kunyang'anya. Je, mtoto anatengeneza kitu, au anatazama tu vilivyotengenezwa? Anaweza kukiacha akiitwa kula? Na je, anaweza kutuonyesha anachofanya bila kugeuza uso wa telefone chini? Akijibu vizuri yote matatu, huenda tuko mbele ya Profesa mpya, na sisi njo tumechukua nafasi ya wale wanaocheka.

Kwa hiyo tunasema wazi jambo ambalo kwetu ni kiini cha swali zima. Mzazi anayetaka mtoto akae kwenye kisoro chake, lakini hakubali kukaa dakika kumi mbele ya kitu anachokipenda mtoto, haji kurithisha kitu. Anatafuta mtu wa kumsifu. Kupokezana kuna njia mbili. Mwambie: “Nionyeshe weye namna gani unafanyaka.” Utakuwa mjinga mbele yake kwa muda, vidole vitakosea, atakucheka. Vizuri! Akucheke. Atakuwa ameona kwa macho yake kwamba mtu huweza kuchekwa na akaendelea. Hakuna hotuba itakayomfundisha hilo kuzidi hapo.

6. Kisichoungua

Labda mtu atasema: katika mji huu, na taabu zake, nani ana nafasi ya kuzungumza juu ya vijiwe na mashimo? Tunajibu kwamba mji huu ndio umetufundisha.

Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilishuka ikapita Murara na kartiye nyingine mpaka ziwani, na watu zaidi ya elfu 100 wakabaki bila makao. Vilivyokuwa ndani ya masanduku viliungua. Udongo ambamo tulikuwa tunachimba mashimo ya kisoro uko chini ya jiwe mpaka leo. Mei 2021 volkano ikalipuka tena, na tarehe 27 ya mwezi ule serikali ikaamuru kartiye kumi zihame, Murara ikiwemo. Watu walikwenda Sake, Bukavu, Rutshuru, Rubavu, na godoro kichwani. Mwisho wa Januari 2025 vita ikaingia mjini, watu wakalala chini majumbani mwao siku kadhaa, umeme na maji vikakatika, telefone zikazimika moja baada ya nyingine.

Katika nyakati kama hizo mzazi anauliza nimemwachia nini mtoto huyu. Shamba hakuna, nyumba inaweza kwenda, diploma yenyewe ni karatasi. Kinachobaki ni kile kilicho kichwani na mikononi. Mtu anayejua kisoro anaweza kukitengeneza popote. Kwenye jiwe la volkano hatuchimbi, basi tunachora mashimo kwa chaki au kwa kipande cha makala. Wengine huchukua vile vikatoni vya mayai: kimoja kina nafasi 30, hazitoshi, unakata cha pili unaongeza, unapata mistari minne ya mashimo manane. Mbegu ni maharage, kisha yanarudi kwenye chungu. Mtoto aliyelala chini akisikiliza risasi, ukimpa mashimo 32 ya kuhesabu, hofu haiishi, lakini inapata mahali pa kukaa pembeni. Hilo si jambo dogo kwa mzazi ambaye hana kingine cha kutoa usiku ule.

Lakini hofu itampata mikono mitupu kama hatukumwonyesha mapema, wakati wa amani, kwa furaha, bila amri. Urithi wa namna hii hautolewi siku ya hatari.

7. Neno la mwisho

Tukusanye tuliyosema. Mambo tuliyochekewa yanafaa kuonyeshwa watoto, kwa kuwa ndani yake kuna subira na uhodari wa kutofuata kundi. Yaonyeshwe, yasiamriwe. Wasichana waitwe kwenye ubao sawa na kaka zao. Na mzazi akubali kujifunza kwa mtoto kile ambacho yeye hakijui.

Wanaojua kisoro wanajua pia sheria yake moja ambayo inakitofautisha na michezo mingine mingi. Mbegu ninayokunyang'anya siiweki mfukoni. Naipanda upande wangu, mbele ya macho yako, na kesho au dakika moja baadaye unaweza kuichukua tena. Mbegu zote 64 zinabaki ubaoni tangu mwanzo hadi mwisho. Anayeshindwa ni yule tu ambaye hana tena shimo lenye mbegu mbili za kumwezesha kusogea.

Wazazi wa Murara, tukae chini. Watoto watatupiga siku moja kwenye ubao wetu wenyewe, na siku hiyo tusitafute kisingizio cha macho kuzeeka. Tuwapongeze, tupange mbegu upya, tuwaulize: tuanze tena?